Rufaa ya kesi ya dawa za kulevya: kete zilipita mikononi mwa nani?

Miongoni mwa barua zilizonifikia tangu toleo lililopita, tano zinahusu jambo moja: mtu ametiwa hatiani kwa kuuza dawa za kulevya, na jamaa zake wanauliza kama mlango bado uko wazi. Nimeziweka pamoja kwa sababu jibu la moja linaingia katika jingine. Ya kwanza, iliyotoka Wete, nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa mwandishi wake amefanya kitu ambacho wengi hawakifanyi: ameisoma hukumu kabla ya kuuliza.

Barua ya kwanza

Assalaam alaykum, Bwana Wakili. Kaka yangu alikamatwa usiku akiwa amekaa barazani kwa jirani, na askari wakasema wamemkuta na kete 48 za unga ndani ya mfuko wa nailoni. Alishitakiwa kwa kuuza dawa za kulevya, hakuwa na wakili, na mahakama ya mkoa ikamtia hatiani na kumpa kifungo kirefu. Hukumu ilisomwa siku tisa zilizopita. Nimeisoma, na mambo mawili yananisumbua. Askari aliyemkamata alisema kete zilikuwa 48, lakini ripoti ya Mkemia wa Serikali aliyezipima inataja 46. Tena, kete zilipelekwa Unguja kwa boti siku sita baada ya kukamatwa, na sikuona mahali panapoeleza zilikuwa wapi siku hizo. Kaka mwenyewe anataka tuandike tu kwamba hakufanya, na kwamba jirani sasa yuko tayari kuja kutoa ushahidi. Tuandike nini, na tupeleke wapi? — M.S., Wete

Waalaykum salaam, Bi M.S. Nianze na siku, maana ndizo zinazokukimbia. Kwa kuwa hukumu imetolewa na mahakama ya mkoa, rufaa ya kwanza ya kaka yako inakwenda Mahakama Kuu ya Zanzibar, na kwenu Pemba Mahakama Kuu iko Chake Chake, kwa hiyo huna haja ya kuvuka kwenda Unguja kwa ajili ya kuifungua. Wiki hii hii fanyeni mambo mawili. La kwanza ni taarifa ya kusudio la kukata rufaa, ambayo ni karatasi fupi isiyohitaji sababu zote. Inatosha kutaja namba ya kesi, tarehe ya hukumu, na kwamba anapinga kutiwa hatiani na adhabu. La pili ni barua ya kuomba nakala zilizothibitishwa za mwenendo wa kesi, hukumu na vielelezo. Kaka yako anaweza kuyafanya yote mawili akiwa ndani, kwa kumkabidhi karatasi zake mkuu wa Chuo cha Mafunzo, yaani gereza, alichopelekwa. (Kwa lugha rasmi ya Zanzibar aliyefungwa huitwa mwanafunzi, mimi nitaandika mfungwa, ili asichanganywe na mtoto wa skuli.) Kila karatasi inayotoka mikononi mwenu ibaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Mahakama ikichelewa kutoa mwenendo, na mara nyingi huchelewa, barua ile yenye muhuri ndiyo itakayoeleza kwa nini nanyi mmechelewa.

Angalia kwamba hukumu uliyoisoma si mwenendo wa kesi. Hukumu ni vile hakimu alivyouelewa ushahidi. Mwenendo ni ushahidi wenyewe, neno kwa neno kadiri ulivyoandikwa, pamoja na maswali yaliyoulizwa, mapingamizi, na tarehe za kuahirishwa. Huenda zile siku sita zimeelezwa katika mwenendo na hakimu hakuona haja ya kuziandika katika hukumu. Huenda pia hazikuelezwa popote. Tofauti ya hayo mawili ndiyo rufaa yako yote, kwa hiyo usiandike sababu hata moja kabla ya kuusoma mwenendo mwanzo hadi mwisho.

Sasa niseme jambo ambalo kaka yako hatalipenda. Rufaa si kesi mpya. Jaji wa Mahakama Kuu hatamwona askari akitoa ushahidi, hatamsikia jirani, na wala hatampima kaka yako usoni. Atasoma. Ni kweli kwamba mahakama ya kwanza ya rufaa ina wajibu wa kuupitia ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake yenyewe. Msingi huo uliwekwa na iliyokuwa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1957, na mahakama zetu zinaufuata hadi leo. Lakini ushahidi unaopitiwa upya ni ule uliomo ndani ya jalada. Kuandika kwamba "mrufani hakufanya kosa hili" ni kurudia utetezi ambao hakimu ameshaukataa, na jaji hataona hapo mahali pa kushika.

Kuhusu jirani, sikufichi: sioni njia. Mahakama ya rufaa inaweza kupokea ushahidi wa nyongeza, ila kwa nadra, na anayeuomba lazima aonyeshe kwamba ushahidi huo haukuweza kupatikana wakati wa kesi hata kwa juhudi za kawaida, na kwamba una uzito wa kubadilisha matokeo. Jirani ambaye kaka yako alikamatwa barazani kwake alikuwepo siku zote, na alifahamika. Swali la kwanza la mwendesha mashtaka litakuwa kwa nini hakuitwa, na sidhani kama "alikuwa anaogopa" itatosha.

Twende kwenye kete, ambako ndiko wewe mwenyewe ulikokwisha kuona. Katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kwamba kielelezo kilichokamatwa lazima kiwe na mnyororo wa utunzaji, yaani kumbukumbu za mfululizo zinazoonyesha kilivyokamatwa, kilivyohifadhiwa, kilivyohamishwa, kilivyopimwa na kilivyofika mahakamani, ili kusiwe na shaka kwamba kilichosomwa na Mkemia ndicho kilichotoka kwa mshitakiwa. Sababu yake inaeleweka na mtu yeyote: unga ulio ndani ya karatasi hauna jina la mwenyewe, na kete moja haitofautiki na nyingine.

Mwenendo ukiupata, chukua karatasi tupu uchore mikono. Nani alishika mfuko mara ya kwanza? Nani alizihesabu kete, na alizihesabia wapi, pale barazani au kituoni? Je, sheha au mtu mwingine asiye askari aliitwa kushuhudia upekuzi, na alisaini hati ya upekuzi? Mfuko ulifungwa kwa lakiri, ukatiwa alama gani? Kituoni uliandikwa katika daftari la vielelezo kwa namba ipi, na mtunza vielelezo alikuja kutoa ushahidi? Baada ya siku sita, nani aliutoa, nani alipanda nao boti, na aliukabidhi kwa nani katika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kule Maruhubi? Mkemia aliupokea ukiwa umefungwa au umefunguliwa? Baada ya kupimwa ulirudi kwa njia gani, na aliyeutoa mahakamani ndiye aliyeurudisha? Pale ambapo mkono mmoja hauunganiki na mwingine, weka alama nyekundu na uandike ukurasa wa mwenendo. Alama hizo ndizo sababu zako za rufaa.

Nakuonya, hata hivyo, usidhani kila pengo linaangusha kesi. Katika miaka iliyofuata Mahakama ya Rufani imelegeza kamba kidogo: imesema kwamba kukosekana kwa karatasi peke yake si lazima kuharibu mnyororo iwapo mashahidi wameeleza kwa mdomo, kwa mfululizo unaoaminika, na kwamba kanuni haibani sana kwa kitu kisichoweza kubadilishwa kwa urahisi, kwa mfano gari. Kete za unga si gari. Zinabadilika kwa urahisi kabisa, na hapo ndipo hoja yako ina nguvu. Lakini kama askari aliyesafiri nazo alikuja mahakamani akasema "nilizipokea kwa mtunza vielelezo asubuhi hiyo zikiwa zimefungwa, nikazifikisha siku hiyo hiyo", na mtunza vielelezo naye akasema zilikuwa kabatini siku zote sita, basi pengo lako limezibwa, hata kama hukumu haikulitaja.

Tofauti ya 48 na 46 isome kwa makini kabla ya kuifurahia. Mahakama hutenganisha mikanganyiko midogo, ambayo hutokea kwa binadamu yeyote anayekumbuka jambo la zamani, na ile inayogusa kiini cha kesi. Katika kesi ya dawa za kulevya, idadi na uzito wa kitu kinachodaiwa kukamatwa viko karibu sana na kiini. Hata hivyo, angalia kama kuna maelezo: pengine kete mbili zilichanika, au shahidi mmoja alisahihisha kauli yake. Angalia pia hati ya mashitaka inataja uzito gani, na Mkemia amepata uzito gani. Ukikuta idadi haikubaliani, na pia zile siku sita hazina maelezo, ziunganishe katika hoja moja, kwa sababu kete mbili zilizopotea ndani ya siku ambazo hakuna anayejua zilikuwa wapi ni jambo zito kuliko kete mbili zilizopotea peke yake.

Lipo jambo ambalo hukulitaja, na ambalo mawakili hulitazama mapema. Hati inayotolewa kama kielelezo, iwe hati ya upekuzi, maelezo ya mshitakiwa polisi au ripoti ya Mkemia, kwanza hupokelewa na mahakama, mshitakiwa akiwa ameulizwa kama ana pingamizi, na baada ya kupokelewa ndipo husomwa kwa sauti ili mshitakiwa ajue kilichomo. Hati isiyosomwa huondolewa katika kumbukumbu na mahakama ya rufaa, na kesi hupimwa kwa kile kilichobaki. Nimeona kesi ambazo baada ya ripoti kuondolewa hakukubaki kitu. Nimeona pia nyingine ambapo Mkemia mwenyewe alikuja akaeleza kwa mdomo alichokipata, na kauli yake ikatosha. Mwenendo utakuambia wewe uko upande gani.

Kama polisi walitoa maelezo wanayodai kaka yako aliyakiri, na yeye akayakana mahakamani kwa kusema alilazimishwa, hakimu alipaswa kusimamisha kesi kwanza na kuchunguza kama maelezo hayo yalitolewa kwa hiari. Ikiwa hakufanya hivyo, iandike.

Naona uchungu wa kaka yako kukosa wakili, kwa sababu pigo kubwa la kukosa wakili huonekana wakati wa rufaa. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba anayeacha kumhoji shahidi juu ya jambo muhimu huchukuliwa kuwa amelikubali. Ikiwa askari alisema kete zilikuwa 48 na kaka yako hakumuuliza kitu, upande wa mashtaka utalitumia hilo. Jibu lake ni kwamba mzigo wa kuthibitisha kosa bila kuacha shaka ya msingi hauhami. Mtu hatiwi hatiani kwa sababu utetezi wake ni dhaifu, na mnyororo uliokatika ndani ya ushahidi wa mashtaka hauungwi na ukimya wa mshitakiwa.

Kuhusu sheria yenyewe, tahadhari moja. Zanzibar ina sheria yake, Sheria namba 8 ya mwaka 2021 iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya Zanzibar, na ina Sheria yake ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, namba 7 ya mwaka 2018, na Sheria yake ya Ushahidi, namba 9 ya mwaka 2016. Sheria ya Bara ya kupambana na dawa za kulevya, ya mwaka 2015, haitumiki hapa. Nimewahi kuonyeshwa sababu za rufaa za kijana wa Unguja zilizonakiliwa kutoka kwenye simu, na kila kifungu kilichotajwa kilikuwa cha Bara. Misingi ya jumla ya ushahidi iliyowekwa na Mahakama ya Rufani inatufunga sote, kwa kuwa mahakama hiyo ni ya pande zote mbili za Muungano. Lakini kifungu cha sheria ya Bara hakivuki bahari.

Ukishamaliza kusoma, andika sababu chache. Sababu tatu zenye kurasa zake zinashinda sababu kumi na mbili zinazolia tu. Mfano wa moja: "Kwamba hakimu alikosea kisheria kwa kumtia hatiani mrufani ilhali upande wa mashtaka haukueleza kete zilikuwa mikononi mwa nani kati ya tarehe ya kukamatwa na tarehe ya kupokelewa na Mkemia, na ilhali idadi iliyokamatwa haikubaliani na idadi iliyopimwa." Huhitaji maneno makubwa kuliko hayo.

Matokeo yanaweza kuwa ya namna kadhaa. Jaji anaweza kumwachia huru. Anaweza kuona kwamba kuuza hakukuthibitika bali kosa dogo zaidi ndilo lililothibitika, akabadilisha na kupunguza adhabu. Anaweza kuitupa rufaa. Akikuta kesi yenyewe iliendeshwa kinyume cha sheria, anaweza kuamuru isikilizwe upya, ingawa tangu mwaka 1966 msimamo wa mahakama zetu ni kwamba kesi hairudishwi ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba mapengo yake. Na mjue hili kabla ya kuanza: ikiwa adhabu aliyopewa iko chini ya ile iliyowekwa na sheria, mahakama ya juu inaweza kuiongeza. Muulizeni mwanasheria aangalie jambo hilo kwanza.

Mwanasheria huyo si lazima awe wa fedha nyingi. Sheria ya Msaada wa Kisheria, namba 13 ya mwaka 2018, ipo kwa ajili ya watu wa hali yenu. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992, kinafanya kazi Pemba pia, na msaidizi wa sheria wa shehia yenu anaweza kukusindikiza mara ya kwanza.

Barua ya pili

Bwana Wakili, mume wangu ni mtumiaji wa unga wa miaka mingi na alikuwa ameshaanza kunywa methadoni, dawa ya kumsaidia kuacha unga. Alikamatwa na kete tatu, akashitakiwa kwa kuuza, na siku ya kwanza mahakamani akasema "ni kweli". Aliniambia alikusudia kusema ni kweli anatumia. Ana nafasi ya rufaa? — Mke, Jang'ombe

Bi mdogo, aliyekiri kosa mwenyewe kwa kawaida hubaki na rufaa ya adhabu tu, kwa ukali wake au uhalali wake. Kuna njia nyembamba ya kupita: kuonyesha kwamba kukiri kwake hakukuwa kukiri. Mtu anaposema "ni kweli", mwendesha mashtaka husoma maelezo ya tukio, na mshitakiwa huulizwa kama anayakubali yote. Tafuta katika mwenendo alijibu nini hapo, kwa maneno yake. Ikiwa ameandikwa akisema "ni kweli, mimi natumia, siuzi", basi amekiri jambo jingine, na hakimu alipaswa kuandika kwamba amekana na kuita mashahidi. Angalia pia kama maelezo yaliyosomwa yalitaja kuuza kokote, au yalisema tu kwamba amekutwa na kete tatu. Maelezo yasiyoonyesha kosa lililoshitakiwa hayawezi kubeba kukiri kwa kosa hilo.

Kuhusu methadoni, kumbukumbu za kliniki kama ile ya Kidongo Chekundu, iliyofunguliwa mwaka 2015, zingekuwa na maana kubwa zingetolewa siku ya kesi, hasa wakati wa kuomba nafuu ya adhabu. Kuzileta leo ni kuleta kitu kisichokuwemo ndani ya jalada, na ugumu wake nimeueleza kwa dada wa Wete. Lakini kama mumeo aliyasema hayo kwa mdomo mbele ya hakimu na yakaandikwa, jaji atayasoma, na katika rufaa ya adhabu yatamfaa. Utumiaji wenyewe, tafadhali elewa, si utetezi wa kosa la kukutwa na dawa.

Barua ya tatu

Mimi ni mzee wa Mkoani. Mwanangu alifungwa zaidi ya miaka miwili iliyopita kwa kesi ya unga. Sikujua kama kuna siku za kuhesabu, na yeye alisema aliandika akiwa ndani lakini hakupata jibu. Nimechelewa kabisa?

Shikamoo, mzee wangu. Umechelewa, lakini si kabisa. Mahakama ina uwezo wa kuongeza muda, na huombwa kwa maombi yanayoambatana na hati ya kiapo inayoeleza sababu ya kuchelewa, hatua kwa hatua, bila kuacha miezi mitupu katikati. "Sikujua sheria" peke yake haikubaliki. Lile la pili ulilolisema ndilo lenye uhai: kwamba aliandika akiwa ndani. Mfungwa hana miguu ya kwenda mahakamani. Karatasi yake ikishapokelewa na mkuu wa chuo, amefanya alichoweza, na mahakama huwaangalia wafungwa kwa jicho la huruma pale inapoonekana kuchelewa kumetokea katika mikono isiyo yao. Kwa hiyo nenda chuoni uulize karatasi hiyo iliandikwa lini na ilipelekwa wapi, kisha uombe ofisa aliyeipokea atoe hati ya kiapo yake. Bila kiapo hicho, maneno ya mwanao yatabaki kuwa maneno. Pia, kama ndani ya hukumu kuna kosa la kisheria linaloonekana bila kutafutwa sana, kwa mfano adhabu ambayo sheria haimruhusu hakimu kuitoa, litajwe katika maombi, maana nalo linaweza kuwa sababu ya kuongezewa muda.

Barua ya nne

Rufaa ya ndugu yetu imeshafunguliwa. Kuna mtu ametuambia anamjua mtu, na kwa kiasi fulani cha fedha ndugu yetu atatoka kwa dhamana wiki ijayo akisubiri rufaa. Tumpe? — Familia, Unguja

Msimpe. Kutoa rushwa ni kosa kwa mtoaji kama kwa mpokeaji, na mahali pa kumpeleka mtu huyo ni Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Kuhujumu Uchumi Zanzibar. Kufungua rufaa hakusimamishi kifungo. Dhamana ya kusubiri rufaa ipo, lakini si sawa na ile ya kabla ya hukumu: aliyetiwa hatiani hachukuliwi tena kuwa hana hatia, na mwombaji hutakiwa kuonyesha mazingira yasiyo ya kawaida, hasa kwamba rufaa yake ina dalili kubwa sana ya kushinda. Katika makosa ya dawa za kulevya sijaona ikitolewa kwa wepesi. Fedha hizo zitawafaa zaidi kwa wakili atakayeisoma rufaa yenyewe.

Barua ya tano

Mahakama Kuu imeitupa rufaa ya mdogo wangu mwezi huu. Wakili aliyemsimamia hapokei simu. Je, ndio mwisho? — Msomaji, Makunduchi

Si mwisho, lakini njia imekuwa nyembamba. Juu ya Mahakama Kuu ya Zanzibar, kwa kesi za jinai, iko Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoundwa mwaka 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Huja kusikiliza mashauri Zanzibar kwa vikao. Taarifa ya rufaa lazima iwasilishwe ndani ya siku 30 tangu hukumu ya Mahakama Kuu. Msimsubiri wakili, mdogo wako aiandike na kuipitisha kwa mkuu wa chuo. Akishakabidhiwa kumbukumbu za rufaa, ana siku 21 za kuwasilisha hati yenye sababu zake.

Hiyo sasa ni rufaa ya pili, na majaji watatu watakaoisikiliza hawatarudia kupima nani aliaminika. Mahakama mbili zikiwa zimekubaliana juu ya jambo lililotokea, ya tatu huwa haiingilii isipokuwa ushahidi ulieleweka vibaya kwa kiwango kilichodhulumu haki. Hoja mpya ya mambo yaliyotokea, ambayo haikutajwa Mahakama Kuu, haipokelewi. Hoja ya kisheria hupokelewa hata kama inaletwa kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo "kielelezo hakikusomwa kwa sauti" inaweza kupita, na "shahidi wa pili ni mgomvi wetu wa shamba" haitapita.

Unauliza pia, nyuma ya karatasi, kama baada ya hapo kuna marejeo, yaani kuiomba mahakama hiyo hiyo iutazame upya uamuzi wake. Yapo, lakini si rufaa ya tatu. Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 zimetaja sababu chache tu: kosa la wazi juu ya kumbukumbu lililosababisha haki kupotea, mhusika kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, uamuzi ulio batili, mahakama kukosa mamlaka, au hukumu iliyopatikana kwa njia haramu, udanganyifu ama kiapo cha uongo. Kutoridhika na uamuzi hakumo. Mkilazimika kuyaomba, ukomo ni siku 60, zinazohesabiwa tangu tarehe ya hukumu na si tangu siku mliyopata nakala yake.